Fundi cherehani anayepima pumzi kwenye ngazi za Gitega

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Gaudiose Gahongayire anashuka ngazi za Gitega, mtaa wa Kigali, huku midomo ikimchezacheza. Hasali, anahesabu. Kutoka barabarani hadi mlango wa bluu anakokwenda kuna ngazi arobaini na moja. Ameshazihesabu zaidi ya mara ishirini, na leo anazihesabu tena kana kwamba kuna mtu angeweza kuja kuiba moja.

Shingoni ana tepu ya fundi. Alikuwa akimpima mteja suruali asubuhi, akatoka mbio akasahau kuivua. Kwapani amebana faili la kijani lenye karatasi tatu na penseli moja iliyochongwa pande zote mbili.

Mlango unafunguliwa kabla hajabisha hodi. Mwenye nyumba ni Nyiraneza, mama wa miaka 66, ambaye majirani humwita Mama Kamikazi kwa jina la bintiye. Amevaa kitenge chake cha kanisani ingawa leo ni Alhamisi. Chai iko tayari na viti vimefutwa. Mgeni anaulizwa habari za nyumbani, za cherehani na za mgongo unaomsumbua, na habari zote anajibu kuwa ni nzuri, hata za mgongo.

Kisha faili linafunguliwa. Kwenye karatasi ya kwanza kuna mstari mrefu uliosimama wima, chini umeandikwa sifuri na juu mia. Sifuri ni afya mbaya kuliko zote mtu anazoweza kuziwaza. Mia ni afya njema kuliko zote.

"Leo uko wapi hapa, Mama Kamikazi?"

Nyiraneza haiangalii karatasi. Anaangalia msalaba mdogo uliotundikwa juu ya mlango.

"Andika mia," anasema. "Nimeamka, nimeona jua, nimepata wageni. Nitake nini tena? Imana ishimwe." Mungu ashukuriwe, ndiyo maana yake, na katika mji huu husemwa mara nyingi kuliko jina la mtu.

Gaudiose anaandika mia bila kubisha. Anamaliza chai yake, anafunga faili na kuaga. Mwenye nyumba naye anainuka kumsindikiza, kwa sababu Rwanda mgeni haachwi ajiondokee peke yake kama mwizi aliyekosa cha kuiba.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Gaudiose ana miaka 54 na ni fundi wa nguo wa mtaa wa Muhima, mwenye cherehani moja ya miguu na kibaraza cha kupanga. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi huko. Kiswahili alikinywa pamoja na uji. Alifika Kigali mwaka 1995 akiwa msichana wa miaka 24, akakuta mji ambao alikuwa akiusikia tu katika hadithi za baba yake.

Kwa miaka kumi na minne amekuwa pia mjumbe wa afya wa mtaa, kazi ya kujitolea ambayo majirani humchagulia mtu wanayemwamini. Hupima watoto uzito, hukumbusha wazee vidonge, hujua nani hajaonekana nje siku mbili. "Mimi sikusoma sana," anasema. "Mwaka wa pili wa sekondari, basi. Lakini watu iko wananifungulia mlango. Hiyo nayo ni diploma."

Diploma hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Trinah.

Trinah ana miaka 33, ni mtakwimu aliyekulia Kampala, na ndiye anayeongoza kikundi cha watu saba chenye ofisi juu ya duka la vyombo, mlango wa tatu kutoka kibaraza cha Gaudiose. Kazi ya kikundi hicho ni kupima kabla ya kununua. Kila mwaka hutokea dawa mpya na mashine mpya, na kila muuzaji huapa kuwa yake ndiyo itakayookoa taifa. Fedha ni kidogo. Lazima awepo mtu wa kusema hiki kitawafaa watu wetu kwa bei hii, na kile ni pambo tu.

"Zamani jibu lilikuwa linakuja na ndege," anasema Trinah. "Limepimwa huko, kwa watu wa huko. Sisi tulikuwa tunasaini. Tukasema hapana, hata kama tutakosea, wacha tujifunze kupima sisi wenyewe."

Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa inhela, ile pampu ndogo ya kuvuta dawa kwa mdomo, ya aina mpya, kwa watu ambao mapafu yao yameharibika. Wengi wao ni wanawake waliopika miaka mingi kwenye moshi wa kuni na mkaa. Pampu moja ni ya mwezi mmoja na inauzwa faranga 19,000. Bima ya wagonjwa hawa inalipia vidonge tu. Kamati ya bima ilikuwa tayari kuifikiria pampu kwa sharti moja, kwamba uletwe ushahidi wa watu wa hapa hapa.

Vijana wa kikundi walitumwa mitaani na fomu iliyotengenezwa nchi ya mbali. Huko Gitega walipotea kwenye vichochoro, wakanywa chai nyingi, wakarudi na karatasi nusu. Ndipo Trinah akaenda kibarazani kwa fundi aliyekuwa akimpunguzia sketi zake, akamuuliza kama angeweza kuacha cherehani siku kumi na mbili kwa mwezi, kwa faranga 8,000 kwa siku.

"Nilimwambia, dada, kwa kuuliza watu habari zao? Mbona hiyo mimi nafanya bure?" anakumbuka Gaudiose na kucheka. Lakini alikubali upesi, kabla huyo dada hajabadili mawazo.

Katika mafunzo, kila mmoja alitakiwa kwanza ajaze fomu kwa afya yake mwenyewe ili aizoee. Gaudiose, ambaye mgongo humfanya ashone huku amesimama kila baada ya nusu saa, aliandika mia. Gasana, kijana wa hesabu, alikuwa na jino bovu na shavu limevimba kama ameficha yai, akaandika tisini na nane. Trinah mwenyewe alikuwa na homa siku ile. Aliandika tisini na tano.

Karatasi zilikusanywa, zikafungwa kwa mpira, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa miezi miwili Gaudiose alipanda na kushuka Gitega, Muhima na hadi Kabeza karibu na uwanja wa ndege. Wagonjwa 180 walihojiwa, nusu wakiwa kwenye vidonge na nusu wakiwa kwenye pampu za majaribio. Kila jioni alipanda ofisini na faili lake kwa furaha. "Nilikuwa najisifu," anasema. "Nasema, tazama, watu wangu iko wazima."

Siku hesabu zilipotoka, Trinah alizitazama muda mrefu, kisha akamwita.

"Mama Gaudiose, data iko safi," alimwambia. "Iko safi mpaka naogopa."

Wagonjwa wa vidonge walikuwa wamejipa wastani wa tisini na nne. Wa pampu, tisini na tano. Kwa karatasi hiyo, kati ya vidonge vya bei ndogo na pampu ya faranga 19,000 hakukuwa na tofauti ya maana, na kamati yoyote yenye akili ingesema pampu ya nini. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya kuipeleka ripoti.

Gaudiose anasema usiku ule hakulala, na anaposema hivyo hatanii. Kama mjumbe wa afya, alijua kuwa Nyiraneza hajafika kanisani tangu Pasaka ya mwaka juzi. Alijua kuwa mama yule, aliyepika miaka 27 nyuma ya hoteli moja ya madereva pale Muhima, hulala ameketi ili apate hewa. Na alikuwa amekaa mbele yake, akamwandikia mia.

"Nilijua," anasema taratibu, akiviringisha tepu kidoleni. "Sheria inasema andika anachosema. Nikaandika. Lakini nilikuwa naandika watu wakose dawa. Ile kitu iliniuma sana, bwana."

Asubuhi yake alimchukua Trinah, wakashuka ngazi arobaini na moja.

Mambo yalikwenda vilevile. Chai, habari, mstari, mia. Trinah aliuliza kwa namna tatu tofauti, kwa adabu zote alizofundishwa Kampala, akapata mia mara tatu. Wakakata tamaa, wakaaga. Nyiraneza akainuka kuwasindikiza.

Kwenye ngazi ya kumi na moja alisimama. Aliweka kiganja ukutani na mabega yakaanza kupanda na kushuka. Ilipita kama dakika mbili kabla ya kusema.

"Mimi mwisho yangu ni hapa," aliwaambia kwa Kiswahili chake alichokiokota jikoni kwa madereva. "Juu siendi tena. Kanisa nasikia kengele tu. Usiku nafikiri ile pumzi itakatika, Kamikazi atakuta mimi baridi."

Trinah alimgeukia. "Mukecuru," alimwambia, neno la heshima kwa mama mzee, "mbona haya hukuyasema ndani?"

Nyiraneza alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto wa watu aliyelelewa mbali.

"Ndani nilikuwa na wageni," alijibu.

Mwenye kuijua Rwanda ataelewa. Ndani ya nyumba, mgeni hupewa kiti, chai na habari njema. Kumtwisha maumivu yako angali na kikombe mkononi ni kumfukuza. Na kumwambia mgeni kuwa afya yako ni arobaini, wakati umeamka na wengine hawakuamka, ni kumwambia Mungu hukuona alichokupa. Mia ile haikuwa uongo. Ilikuwa shukrani, na fomu ya mbali haikuwa na mahali pa kuiweka.

Maneno mazito husubiri kusindikizana. Pale njiani watu hawatazamani usoni, kila mmoja anaangalia anapokanyaga, na kwaheri iko karibu. Hapo ndipo mtu husema mtoto amefukuzwa shule, mume ameondoka, pumzi imekwisha.

Siku hiyo hiyo Gaudiose alimweleza Trinah kwa lugha ya kazi yake.

"Mteja ukimzungushia tepu kiunoni, anavuta tumbo ndani," alisema. "Wote, hata mapadri. Ukikata kitambaa kwa kipimo hicho, nguo itampasukia harusini. Mimi nasubiri. Akianza kuaga, tumbo linarudi mahali pake, ndio napima."

Kwa hiyo, akasema, tuulize ndani kwa heshima, halafu tuulize tena njiani.

Trinah hakukubali papo hapo, na kwa hilo Gaudiose anamshukuru. Mshauri wao wa nchi ya mbali alisema kwenye simu kuwa mahojiano hufanyika mtu akiwa ameketi, mahali tulivu, na kwamba mtu anayepanda ngazi lazima atajisikia vibaya. Lilikuwa neno la haki. Basi Trinah akaamua nalo lipimwe. Aliiomba kamati ya bima miezi sita zaidi, akapewa minne.

Waliwachukua watu sitini. Kila mmoja aliulizwa mara mbili, ndani na wakati wa kusindikiza. Wengine walikuwa na njia ya ngazi na wengine njia tambarare kama meza, ili isije ikawa kilima ndicho kinachosema. Wasioweza kuinuka kitandani waliagwa, na mhojaji akasimama mlangoni kidogo kabla ya kuuliza tena. Mhojaji hakuruhusiwa kuandika alichokiona, ila alichoambiwa tu.

Ndani, wastani ulikuwa tisini na tatu. Wakati wa kuagana, hamsini na sita. Kwenye njia tambarare ilikuwa hamsini na nane, na mlangoni kwa waliolala kitandani, thelathini na moja.

"Nilienda nikajifungia stoo nikalia," anasema Trinah, bila aibu. "Miaka yote hiyo nimesoma takwimu, na kosa lilikuwa kwenye adabu yetu. Mama Gaudiose ndiye alinifundisha. Mimi nilimfundisha tu kutumia Excel, na hata hiyo bado anaichukia."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Gitega inabidi tuongeze kuwa mgeni huyo asiwe na haraka ya kuondoka.

Ndipo wakaanza upya, kwa fomu iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wa hapa. Wagonjwa wa mwanzo waliombwa warudi, na safari hii kura ilimwangukia Nyiraneza upande wa pampu, miezi mitatu bila malipo. Mwezi wa tatu unakwisha sasa. Kamati inakaa Jumatano ijayo.

Ukimuuliza Gaudiose kazi hii imempa nini, haanzi na fedha, ingawa fedha imemlipia paa la kibaraza. Anaanza na watu. Anamshukuru Trinah kwa kumsikiliza fundi. Anamshukuru Gasana, ambaye hatimaye aliling'oa lile jino na kusahihisha fomu yake ya mafunzo hadi arobaini. Anawashukuru zaidi wenyeji 180 waliomfungulia mlango mara ya pili baada ya yeye kuwakosea mara ya kwanza.

"Wangeweza kunifukuza," anasema. "Walinipa chai tena."

Yeye mwenyewe, mgongo wake siku hizi anaupa sitini. Anausema wakati wa kuaga.

Turudi ngazini.

Nyiraneza anapanda mbele, mkono kwenye ukuta, kitenge kimekunjwa kidogo miguuni. Nyuma yake Gaudiose, na nyuma kabisa mwandishi wa makala haya, ambaye alikunywa vikombe viwili na anajuta.

Ngazi ya kumi na moja. Gaudiose anasimama kwa mazoea. Nyiraneza hasimami.

Kwenye ya ishirini na tatu anapumzika, akiegemea mlango wa jirani. Kifua kinafanya kazi, lakini mabega yametulia. Anauliza kama suruali ya yule mteja imekwisha. Gaudiose anajibu kuwa bado. Wanaendelea.

Ya thelathini. Ya thelathini na sita. Sauti za pikipiki zinasikika sasa, na muuza ndizi mmoja aliyeko juu anaacha kupanga mafungu yake na kutazama chini.

Ya arobaini na moja.

Nyiraneza anasimama kando ya barabara ambayo hajaikanyaga tangu Pasaka ya mwaka juzi. Anashika nguzo ya taa kwa mikono miwili. Anatazama kulia, anatazama kushoto, kama mwenye duka aliyerudi kukagua mali yake. Gaudiose amegeuka pembeni na anajifuta macho kwa ncha ya tepu.

"Sasa uliza," anasema Nyiraneza, pumzi ikiwa imeanza kurudi.

"Leo uko wapi, Mama Kamikazi?"

Mama anafikiri kwa uangalifu wa mtu anayeonja chumvi.

"Andika sabini."

"Ndani ulisema mia."

"Ile ilikuwa ya Mungu, nimempa yake," anasema. "Hii ni ya kamati. Waambie sabini iko, tena nawashukuru sana. Thelathini bado naomba."

Anaingiza mkono kwenye kitenge na kutoa pampu. Ubavuni ina kidirisha kidogo kinachoonyesha dozi zilizobaki. Kinasema kumi na saba. Kwa mivuto miwili kwa siku, ni siku nane na nusu. Baada ya hapo pampu ni faranga 19,000, na Kamikazi, anayeuza sabuni na chumvi Kabeza, hurudi nyumbani na faranga kama 30,000 kwa mwezi, zinazolisha watu wanne.

Nyiraneza haulizi itakuwaje. Gaudiose hasemi itakuwa sawa. Amekuwa mjumbe wa afya kwa miaka mingi na ahadi isiyo yake haitoi.

Alicho nacho ni mpango. Mwezi ujao wahojaji wawili kutoka Bujumbura na mmoja kutoka Kigoma watakuja Muhima kujifunza namna ya kuuliza, na Trinah amesema mwalimu wao ni fundi cherehani, atake asitake. Lakini kabla ya hapo kuna Jumatano. Ameambiwa atapewa dakika tano mbele ya kamati.

"Sitasema mengi," anasema Gaudiose. "Nitawaonyesha namba. Halafu nitawaomba kitu kimoja. Waje hapa, washuke, wanywe chai kwa Mama Kamikazi. Wasiulize kitu. Waage tu."

Anachonga penseli, anaandika sabini, anafunga faili. Kazi ya leo imekwisha na mteja wa suruali anasubiri Muhima. Lakini mwenyeji amemsindikiza hadi barabarani, mbali kuliko alivyowahi kumsindikiza mtu yeyote kwa muda mrefu, na sasa ni yeye aliye mbali na kwake.

Gaudiose anamshika mkono, wanageuka, wanaanza kushuka pamoja. Safari hii hahesabu.